Maji ya Makorora Yakisha Tumika, Yakwenda Wapi?

Katika watumishi wa serikali wapitao mitaani kwetu, ni wachache waliopata kupokewa kwa uso wa kukunjamana kama Bwana Afya. Zamani za ukoloni alijulikana zaidi kwa daftari lake la faini kuliko kwa elimu yake. Alipoonekana mwanzo wa mtaa, habari zilimtangulia nyumba kwa nyumba: mitungi ikafunikwa, ua ukafagiwa, na mtoto akatumwa mlangoni kusema kwamba baba hayupo. Siku hizi kazi yake yasomewa vyuoni, wavulana kwa wasichana, nayo imepewa jina refu la afya ya mazingira. Lakini ukilivua jina hilo utakuta chini yake swali moja fupi, ambalo hata muuza uji aweza kuliuliza: kile tulichokwisha kukitumia, chakwenda wapi?

Tumchukulie, ndugu msomaji, kijana mmoja wa kufikirika anayeisomea kazi hii, ambaye ameletwa Tanga kwa mazoezi. Akianzia kazini, kwenye viwanda vya mkonge, jibu la swali lake halitamchukua muda, maana ataliona kwa macho na kulisikia kwa pua. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta mimea ya mkonge mwaka 1893, na 62 tu ikafika hai ikapandwa upande wa Pangani, mkoa huu umeishi kwa singa. Lakini katika kila jani linaloingia kwenye korona, singa ni kama sehemu 4 tu katika 100. Yaliyosalia, yaani nyama ya jani na utomvu wake, husukumwa nje kwa maji mengi, na kwa miaka mingi yaliachwa yakashukia mabondeni na mitoni. Kule Hale kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio ambao tangu mwaka 2008 hivi uliyageuza makapi hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme, na hilo laonyesha kwamba swali likiulizwa kwa bidii hupata jibu lenye faida. Katika chumba cha brashi, ambamo singa kavu husuguliwa, vumbi halishukii mtoni bali kifuani mwa mfanya kazi. Watafiti waliokwisha kuwapima wafanya kazi wa mashamba yetu wamekuta kikohozi na kubanwa kifua kwa wale wa brashi. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na chama cha wafanya kazi kinachojua wajibu wake hakingoji mkaguzi aje ndipo kiulize habari ya feni na vitambaa vya kufunika pua.

Hayo ya kiwandani yana mwenyewe, nasi twamjua. Magumu ni ya nyumbani.

Mfanya kazi akitoka zamu akarudi Makorora, hurudi kwenye nyumba ya namna tuijuayo sote katika mwambao: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina familia yake, na choo ni cha wote. Maji yapo. Yatoka katika bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ambao chimbuko lake ni milima ya Usambara Mashariki, nayo hupita kwenye bomba na kusomwa kwenye mita. Tanga yafaa ijivunie maji yake. Ila mabomba ya kutolea maji machafu yapita sehemu ndogo tu ya mji, na kwa hiyo maji ambayo yameingia uani kwa hesabu hutoka bila hesabu. Ya kuoga, ya kufulia, ya kuoshea vyombo, aghalabu huishia katika shimo la choo au katika karo lililo kando yake. Shimo ambalo babu alilichimba likawa kavu, sasa ni kidimbwi chenye kifuniko.

Hapo ndipo kijana wetu anapotakiwa kuinama na kutazama. Katika maji yale mazito huzaliana mbu wa rangi ya kahawia ambaye wataalamu humwita Culex. Si yule wa malaria. Wa malaria hupenda maji yaliyo safi kidogo, nje kwenye madimbwi ya mvua. Huyu apenda uchafu wetu hasa. Hutoka usiku kwa tundu lile lile la choo, au kwa ufa wa sakafu, au kwa bomba la hewa lisilokuwa na wavu, naye huingia chumbani kutafuta damu. Watu wengi humhesabu kuwa ni kero ya usingizi tu. Kumbe ndiye mmoja wa wabebaji wa minyoo ya matende na mabusha katika miji ya pwani.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1877 Mwingereza Patrick Manson, akiwa China, alionyesha kwamba vijidudu vya ugonjwa huu huingia katika mwili wa mbu pamoja na damu na kukua humo. Kwetu, hata hivyo, hadithi ya madafu bado ina nguvu kuliko elimu hiyo, na utamwona mzee amkataza kijana dafu asije akaota busha, hali wote wawili wamekaa wakiumwa na mbu jioni nzima. Dafu halina kosa. Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya maji ya mwili kwa miaka, huzaa vijidudu ambavyo usiku hupanda kwenye damu ya juu, na mbu huja kuvichukua na kuvipeleka kwa jirani. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kuumwa mara moja wala mara kumi. Yataka aumwe mara nyingi mno, mwaka hata mwaka. Ndiyo maana ni ugonjwa wa mtu akaaye mahali pamoja, juu ya shimo moja, hajahama.

Na hasara yake ni ya mfanya kazi hasa. Mchukuzi wa bandarini mwenye busha hawezi kuinua gunia kama wenzake, lakini hatasema ni kwa nini. Atasema mgongo wamuuma. Mwanamke mwenye tende la mguu hukatwa na viatu na kuepuka arusi. Homa za mara kwa mara humlaza siku kadhaa, na kibarua hana mshahara wa siku aliyolala. Aibu huuficha ugonjwa huu kuliko ugonjwa wenyewe unavyojificha.

Serikali haikukaa kimya. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na mwaka 2004 ukafika mkoani Tanga: kila mwaka wananchi walipewa vidonge bure, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili kuviua vile vijidudu vya damuni. Mwanasayansi Mwele Malecela, ambaye aliingia katika utafiti wa magonjwa ya binadamu kituoni Amani mwaka 1987 na kufariki mwaka 2022 akiwa mkuu wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, alikuwa miongoni mwa walioubeba mzigo huo. Vidonge vimefanya kazi kubwa, na wilaya nyingi za nchi yetu zimekwisha kufikia kipimo cha kusimamisha ugawaji.

Sasa hapana budi tuulize: vidonge vikisha kusimama, ni nini kitakachowazuia minyoo wachache waliobaki wasirudi kuwa wengi?

Jibu lilikwisha kutafutwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti, akiwamo Mwingereza Chris Curtis pamoja na wenzake wa Zanzibar, waliwapa dawa watu wa Makunduchi kwa kampeni moja, na pamoja na hiyo wakamwaga katika vyoo vyenye maji chembe nyepesi za plastiki, za namna ile nyeupe izungushiwayo redio mpya ndani ya sanduku. Chembe hizo huelea, zikafunika maji kama blanketi. Mbu akija kutaga hapati maji, na viluwiluwi walio chini hawapati hewa. Katika miaka 5, watu wenye vijidudu damuni walishuka kutoka 49 katika kila 100 hadi 3. Mji mwingine wa Unguja, Moga, ulipewa dawa bila kushughulikiwa mashimo. Huko vijidudu vilionekana kurejea miaka 3 hadi 6 baada ya kampeni.

Katika mji wa Zanzibar wenyewe mashimo na makaro 3,844 yalitiwa chembe hizo, na mbu majumbani wakapungua kwa sehemu 65 katika 100. Walipoongeza dawa katika mitaro ya wazi na vinamasi, faida ya ziada ilikuwa kama hakuna. Habari hii yafaa isomwe na wale wanaofukua mitaro siku mbili kabla ya mgeni mkubwa kufika, kisha wakadhani kwamba wamemaliza kazi ya afya. Mtaro uzibuliwe, naam, kwa sababu nyingine nyingi. Lakini mbu huyu ametoka uani.

Ni haki niseme pia kwamba watafiti hao hao walipiga hesabu ya mjini wakaona gharama ni kubwa mno kwa ajili ya matende peke yake. Faida iliyoonekana na wananchi ilikuwa ni usingizi: mbu walipungua, watu wakafurahi, na mtu aliyefurahi hukubali kushirikiana. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni ya idara inayolipia mji mzima. Mwenye nyumba ana shimo moja.

Mambo ya mashimo si mageni kwa nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma pamoja habari za malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakaondoka wakachimba vyoo kwa mikono yao. Kazi ile ilikuwa ya kijijini, ambako kila mtu alichimba choo chake katika ardhi yake. Makorora siyo hivyo. Mwenye nyumba aghalabu hakai pale. Hukusanya kodi na kwenda zake. Mpangaji naye husema shimo si langu, nitalijengaje? Gari la kunyonya likihitajika, mvutano huanza ni nani alipe, na wakati wanavutana shimo lafurika. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 haikuandikwa ili iwekwe kabatini, na mwenye kupokea kodi ya vyumba sita hawezi kusema hana fedha ya mfuko mmoja wa saruji.

Maana kazi yenyewe si kubwa. Maji ya bafu yatengewe shimo lake lililofunikwa, ili la choo lipate kukauka. Shimo kavu halimzai mbu huyu. Nyufa za sakafu zizibwe. Bomba la hewa lifungwe wavu. Tundu lipate kifuniko kinachokaa sawasawa. Na wote walale ndani ya chandarua, kwa kuwa mbu huyu huuma usiku.

Kijana wetu basi, kesho asubuhi, aende na kamba yenye jiwe mwishoni, aipime nyumba baada ya nyumba: kutoka sakafuni mpaka kwenye maji ni futi ngapi, na ya mwenye nani. Aiandike orodha hiyo na kuipeleka ofisi ya mtaa kabla hajauliza habari ya kufagia.