Bao nalo lina kocha wa mashine

KANIHA, Biharamulo. Simba na Yanga wakimaliza dakika 90, kijiweni ndiyo kwanza mechi inaanza. Kila mtu kocha. Kwenye bao ni hivyo hivyo: wanaocheza wawili, wanaofundisha kumi, wote wamesimama.

Kuna Waholanzi walioamua kumpa kazi hiyo kocha asiyepiga kelele. Jeroen Donkers wa Chuo Kikuu cha Maastricht alitengeneza programu ya bao la Kiswahili, na mwaka 2003 akaieleza kwenye tasnifu yake ya udaktari. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa Alex de Voogt, aliyewafuata mafundi wa bao Zanzibar na kuandika kitabu mwaka 1995.

Mashine ya kwanza ilipewa akili ya shabiki: hesabu kete, mwenye nyingi ndiye anaongoza. Hiyo ni sawa na kushangilia umiliki wa mpira. Kwenye bao zamu moja tu inaweza kukukomba kete zote ulizokuwa unajivunia.

Ya pili ikaongezewa maarifa ya mchezo. Kete ya mstari wa mbele pointi 3, ya nyuma 5, maana za nyuma ni rahisi zaidi kuzilinda. Nyumba yako haijavunjwa? Chukua pointi 200.

Hapo ndipo penye utamu. Kwa nini 200, siyo 150? Fundi anajua nyumba ni mali, ila hajawahi kuipigia bei. Basi mashine zikaachiwa zitafute bei zenyewe: namba zinashindanishwa kama timu za ligi, zinazofungwa zinashuka daraja. Nyingine ikajifunza kutokana na matokeo ya michezo.

Chesi imepita njia hiyo hiyo. Deep Blue iliyomfunga Garry Kasparov 3.5-2.5 Mei 1997 ilikuwa na bingwa Joel Benjamin akiinoa. Miaka 20 baadaye AlphaZero ikapewa sheria tu, ikajichezea yenyewe, kisha ikakutana na Stockfish mechi 100: ushindi 28, sare 72, haikufungwa. Kwa sare hizo, kocha wa Bongo angeshafungashiwa virago.

Tatizo la kocha huyu ni moja. Ukimuuliza kwa nini usivunje nyumba sasa, anakupa namba. Fundi wa kijiweni atakueleza mpaka giza liingie, na bado atadai umecheza vibaya.