Mkono wa Fulana si Mkono wa Koti

Mafundi wengi wa cherehani waliojifunza kazi kwa khaki hupata taabu siku waletewapo kitambaa cha fulana. Huukata mkono kwa karatasi ile ile ya koti, na nguo ikiisha kushonwa, begani huonekana vikunyanzi. Mwenye nguo hunung'unika, na kitambaa chake kimekwisha kukatwa.

Kosa si la vidole vya fundi, bali la karatasi. Khaki haivutiki, kwa hiyo kichwa cha mkono wa koti hukatwa kirefu kuliko tundu lake kwa inchi 1 au zaidi, ili ziada hiyo ikusanywe kidogo kidogo na kulifunika bega vizuri. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, nacho hulifuata bega chenyewe. Ziada ile haina kazi.

Basi fundi na aupime upinde wa kichwa cha mkono kwa utepe uliosimamishwa kwa ubavu, kisha alipime tundu, mbele na nyuma. Tofauti aiondoe kwa kuikunja karatasi kwa upana, katikati ya kichwa. Mkunjo wa nusu inchi hupunguza karibu inchi nzima, maana upinde una pande mbili. Wakunjao inchi kamili hujuta. Kingo zilizopishana azinyoshe kwa penseli, apime tena.

Mkono na ushonwe ubavu wa nguo ungali wazi, kwa sindano ya ncha ya mviringo, kwani ncha kali huvikata vitanzi. Jaribio la kwanza lifanywe kwa fulana kuukuu.