Timu Ipo, Kiti Hakipo

Ukisimama Rusumo, wilayani Ngara, unaiona Rwanda ng'ambo ya mto Kagera. Ukienda Kabanga, Burundi haiko mbali. Nchi hizi mbili ni majirani zetu, na ni nchi ndogo. Lakini kila moja ina timu yake ya taifa ya mpira wa miguu, na timu hizo zinatambuliwa duniani kote. Rwanda ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004 kule Tunisia. Burundi ilicheza kombe hilo mwaka 2019 kule Misri.

Sasa fikiri juu ya jambo hili. Mwezi Desemba 2017, kule Kenya, timu ya Rwanda ilifungwa mabao 3 kwa 1. Timu iliyoifunga ni ya Zanzibar. Lakini Rwanda ina ruhusa ya kutafuta nafasi ya kucheza Kombe la Dunia. Zanzibar haina.

Je, inawezekanaje aliyeshinda abaki nje, na aliyeshindwa aingie ndani? Leo tutazungumza juu ya swali hilo. Tutaona kuwa katika mpira, kama katika mambo mengine mengi, kuna kazi ya uwanjani na kuna kazi ya daftari. Zanzibar imefanya ya kwanza kwa miaka mingi. Ni ya pili iliyoishinda.

NANI ANASHIKA DAFTARI?

Mpira wa dunia unaongozwa na shirikisho linaloitwa FIFA. Lilianzishwa mwaka 1904 mjini Paris, Ufaransa. Leo lina vyama wanachama 211. Chini yake kuna mashirikisho ya mabara. La Afrika linaitwa CAF. Huku kwetu Afrika Mashariki na Kati tuna baraza linaloitwa CECAFA.

Chama cha mpira kikiwa mwanachama wa FIFA, kinapata mambo matatu. Kwanza, timu yake ya taifa inaweza kuwania Kombe la Dunia. Pili, kinapiga kura katika mikutano mikuu. Tatu, kinapata fedha za kuendeleza mpira, kama vile kutengeneza viwanja na kufundisha makocha na waamuzi.

Chama kisichokuwa mwanachama hakipati hata moja kati ya hayo kwa jina lake. Vijana wake wanaweza kucheza vizuri sana, lakini daftari la FIFA haliwajui.

TIMU YA SIKU NYINGI

Msidhani kwamba Zanzibar ni timu ya jana. Tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945. Zanzibar ikajiunga mwaka 1949. Wakati huo nchi hizi zote zilikuwa bado chini ya Mwingereza.

Kombe hilo ndilo lililozaa mashindano tunayoyaita Kombe la Chalenji. Mwaka 1995 Zanzibar ililitwaa Kombe la Chalenji kule Uganda. Mwaka 2012, mjini Kampala, ilishika nafasi ya tatu.

Mwaka 2017 ndio uliowafanya watu wengi waizungumzie. Katika Kombe la Chalenji kule Kenya, Zanzibar iliifunga Rwanda, kisha ikaifunga Tanzania Bara mabao 2 kwa 1. Katika nusu fainali iliitoa Uganda, pia kwa mabao 2 kwa 1. Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Desemba. Zanzibar na wenyeji Kenya walitoka sare ya mabao 2 kwa 2. Ikaamuliwa kwa penalti, na Kenya wakashinda.

Hapo msomaji mpya anaweza kuuliza: Tanzania Bara na Zanzibar zinachezaje kama timu mbili, na sisi ni nchi moja? Jibu ni kwamba CECAFA inazipokea zote mbili. Timu ya Bara huitwa Kilimanjaro Stars. Ya Zanzibar huitwa Zanzibar Heroes. Lakini katika mashindano ya CAF na FIFA inakwenda timu moja tu, Taifa Stars, yenye wachezaji wa pande zote mbili.

MIEZI MINNE YA FURAHA

Kwa muda mrefu Zanzibar ilikuwa mwanachama mshiriki wa CAF. Maana yake ni mwanachama asiye kamili. Klabu zake, kama KMKM na Mlandege, ziliruhusiwa kucheza mashindano ya klabu za Afrika, na zinaruhusiwa mpaka leo. Lakini timu ya taifa haikuruhusiwa.

Zanzibar iliomba mara nyingi ipewe uanachama kamili. Tarehe 16 Machi 2017, katika mkutano mkuu wa CAF mjini Addis Ababa, Ethiopia, ilikubaliwa. Ikawa mwanachama wa 55. Watu Unguja na Pemba walishangilia. Uanachama wa CAF ni ngazi ya kwenda FIFA, kwa hiyo wengi waliona kwamba safari inakaribia kufika mwisho.

Siku hiyo hiyo CAF ilimchagua rais mpya, Ahmad Ahmad wa Madagaska, badala ya Issa Hayatou wa Kameruni. Mwezi Julai mwaka huo CAF ilikutana tena, safari hii mjini Rabat, Moroko. Zanzibar ikaondolewa. Ahmad alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokewa tangu mwanzo, kwa kuwa CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja.

Toka Machi mpaka Julai ni miezi minne tu.

Ndugu msomaji, angalia tena historia. Tarehe 16 Desemba 1963 Zanzibar ilipata kiti katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na viti viwili vikawa kimoja. Hapo pia kiti cha peke yake kilidumu miezi minne na siku chache. Lakini kuna tofauti kubwa. Mwaka 1964 ilikuwa ni kuungana. Mwaka 2017 ilikuwa ni kufutwa katika daftari.

KANUNI INASEMAJE?

Tuisome kanuni polepole, kwa sababu hapa ndipo penye fundo.

Kanuni za FIFA zinasema kwamba mwanachama ni chama kinachoongoza mpira katika nchi. Zinaeleza pia maana ya nchi. Nchi ni dola huru inayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Tena kila nchi inapewa chama kimoja tu.

Kijijini tunalielewa jambo hili. Chukua kitongoji kimoja cha Nyakahura au cha Rulenge. Kina mwenyekiti wake. Kina mashamba ya migomba na kahawa. Kina timu ya mpira, na huenda timu hiyo inaifunga ya kijiji cha jirani kila mwaka. Lakini mkutano wa wilaya ukiita vijiji, kitongoji hakiitwi. Kinachoitwa ni kijiji, kwa sababu ndicho kilichoandikishwa.

Lakini daftari hubadilika. Wasomaji wa Biharamulo wanajua kwamba Chato ilikuwa sehemu ya wilaya yao. Leo Chato ni wilaya, na iko katika Mkoa wa Geita. Mabadiliko hayo yalifuata sheria na utaratibu. Je, FIFA nayo ina utaratibu wa namna hiyo?

Upo. FIFA ina mlango wa pembeni. Chama cha eneo ambalo bado halijapata uhuru kinaweza kuomba, kikipata kibali cha chama cha nchi inayolitawala. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark. Vina watu wachache sana, kama elfu hamsini hivi. Viliingia FIFA mwaka 1988. Mwaka 1990 vilicheza mchezo wake wa kwanza wa mashindano, vikaifunga Austria bao 1 kwa 0. Mchezo huo ulichezwa Sweden, kwa sababu nyumbani kwao hawakuwa na uwanja wa nyasi za kweli.

Mfano mwingine ni Gibraltar, eneo dogo lililo chini ya Uingereza. Liliomba mwaka 1997. Likakataliwa, likaenda mahakama ya michezo, likaendelea kudai. Shirikisho la Ulaya lililipokea mwaka 2013, na FIFA ikalipokea mwaka 2016. Hiyo ni miaka 19 ya kungoja.

Nayo Uingereza yenyewe ina vyama vinne ndani ya FIFA: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Hao walianza kucheza wao kwa wao kabla FIFA haijazaliwa. Mchezo wa kwanza wa England na Scotland ulichezwa mwaka 1872. Walipoingia, kila mmoja aliingia na jina lake, na kanuni zinawataja kuwa ni wa pekee.

Sasa tazama mahali ilipo Zanzibar. Haiwezi kupita mlango wa mbele, kwa sababu kiti cha Umoja wa Mataifa ni kimoja, cha Jamhuri ya Muungano. Na mlango wa pembeni haukuchongwa kwa ajili yake, kwa sababu Zanzibar si eneo linalotawaliwa na mtu. Ni mshirika wa Muungano, mwenye serikali yake. Waliotunga kanuni waliwafikiria wenye dola na waliotawaliwa. Hawakumfikiria mshirika.

MAONI YA PANDE MBILI

Wanaotaka Zanzibar ipewe kiti wana hoja zao. Wanasema michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina chama chake cha mpira na ligi yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 1.8, na wanachama kadhaa wa FIFA hawafiki hata robo ya hao. Tena fedha za maendeleo zingefika moja kwa moja Unguja na Pemba.

Wanaotaka mambo yabaki yalivyo nao wana hoja. Wanasema nchi moja ni timu moja. Tena wanauliza juu ya wachezaji. Feisal Salum alichezea JKU ya Zanzibar, akaja Yanga, kisha Azam, na amevaa jezi ya Taifa Stars. Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco, alikuwa kocha wa Zanzibar Heroes mwaka 2017. Baadaye akawa kocha wa Taifa Stars, akaiwezesha kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2025. Viti vikiwa viwili, mchezaji atalazimika kuchagua upande mmoja, na pande zote mbili zitapoteza watu.

Hoja zote ni nzito. Lakini kijana wa Pemba mwenye umri wa miaka 18 ana jambo moja la kweli la kusema. Mwezi Agosti 2025 uwanja wa Amaan, Unguja, ulitumika kwa mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Nigeria, Senegali na Sudani zilicheza pale. Uwanja wa Zanzibar ulitambuliwa. Timu ya Zanzibar haikuwamo kwa jina lake.

Hata hivyo haikukata tamaa. Mwezi Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa. Fainali ilikuwa Pemba, uwanja wa Gombani. Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 na kulichukua kombe nyumbani.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Mkulima huanza na shamba, lakini haishii shambani. Kahawa yake inaweza kuwa safi kuliko ya jirani. Kama jina lake halimo katika daftari la chama cha msingi, siku ya malipo atarudi mikono mitupu. Haitoshi kupalilia vizuri. Lazima pia ajue kilichoandikwa katika katiba ya chama, na kama hakimfai, alete hoja mkutanoni ili kibadilishwe.

Ndivyo ilivyo kwa Zanzibar. Mabao hayawezi kubadili kanuni. Kinachobadili kanuni ni hoja, kura na subira. Gibraltar ilisoma kila mstari kwa miaka 19. Zanzibar nayo, kama inataka kiti, itapaswa kushawishi wanachama wa CAF na FIFA wachonge mlango ambao leo haupo. Na sisi wa Bara hatuwezi kukaa kando, kwa kuwa kiti kinachozungumzwa ni chetu sote.

Na vijana wenye timu za mpira, kuanzia Nyakanazi mpaka Murusagamba, wajiulize leo: Timu yetu imeandikishwa? Katiba yetu iko wapi, na nani kati yetu ameisoma yote? Kama jibu ni hapana, mwoneni afisa michezo wa wilaya. Sasa mnajua kusoma. Someni katiba yenu kabla ya kununua jezi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Zanzibar ilikaa miezi mingapi kuwa mwanachama kamili wa CAF? Kwa nini iliondolewa?
2. Visiwa vya Faroe na Zanzibar vinatofautiana nini mbele ya kanuni za FIFA?
3. Wewe ungeshauri nini: kiti kimoja au viti viwili? Toa sababu zako.