Reli haifiki Oraba, lakini bei za Oraba zinaitegemea

ORABA, KOBOKO – Saruji, chumvi, mabati, sabuni na mafuta ya kupikia yanayovuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, hufika mpakani kwa lori. Kila lita ya dizeli na kila siku ya kuchelewa njiani huingia katika bei ambayo mteja wa Kaya ataulizwa kulipa.

Koboko haina reli. Njia ya kaskazini mwa Uganda ilifika Soroti mwaka 1929, ikasogezwa hadi Pakwach mwaka 1964, na ikaishia hapo kando ya Mto Nile. Baadaye sehemu kubwa yake ilikaa miaka mingi bila treni. Nyasi zikaota, vyuma vikaibiwa, na watu wakajenga vibanda karibu na njia.

Kazi ya kufufua kipande cha Tororo hadi Gulu, kilomita 375, ilikabidhiwa kampuni ya China ya CRBC. Njia hiyo hupita Mbale, Kumi, Soroti na Lira. Huko Gulu, kituo cha kupokea na kuhifadhi mizigo kilipangwa kando ya reli ili makontena yashushwe kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori.

Kwa mfanyabiashara wa Oraba, hesabu inaanzia hapo. Tororo ina kiwanda kikubwa cha saruji, na reli ya kutoka Mombasa hupita mjini humo. Mzigo mzito usioharibika upesi, kama saruji au chumvi, unafaa kwenda kwa treni. Kutoka Gulu, lori lingefuata lami ya kilomita 70 hadi Olwiyo, livuke daraja la Pakwach, lipite Nebbi na Arua, kisha lishike barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba yenye kilomita 92. Nyanya na samaki wabichi wataendelea kwenda kwa lori moja kwa moja, maana haziwezi kungoja behewa lijae.

Nafuu hiyo haiji bila hesabu nyingine. Kushusha na kupakia upya kuna gharama. Kama kuli, ghala na lori la Gulu vitakula akiba yote ya treni, mzigo utarudi barabarani. Kabla ya kukubali bei, mfanyabiashara aulize gharama ya safari nzima hadi Oraba, siyo nauli ya treni peke yake.

Makutano yaliyosahaulika

Jambo la pili ni usalama. Lori linalotoka Malaba kupitia Mbale na Soroti hufuatana na reli hiyo, na mahali reli na barabara zinapokatana, madereva na vijana wa bodaboda wamezoea kupita bila kuangalia. Treni zikirudi, mazoea hayo yanaua.

Kukarabati makutano si kupaka rangi tu. Udongo na mawe huondolewa katika nafasi ambamo ukingo wa gurudumu la treni hupita, kwani zikijaa, behewa linaweza kuacha reli. Mataruma yaliyochakaa hubadilishwa, kokoto huongezwa, na mifereji huchimbwa ili mvua isilainishe tuta. Vichaka hukatwa ili dereva aone mbali.

Kwenye makutano yenye magari mengi, vifaa vilivyofungwa relini huhisi treni inakaribia, taa huwaka, kengele hulia na kizuizi hushuka. Vijijini mara nyingi hubaki kibao na honi ya treni. Hapo dereva ndiye mlinzi wake mwenyewe: asimame, aangalie pande zote mbili, asikilize, na asiingie relini kama mbele kuna foleni. Treni ya mizigo haiwezi kukwepa, na huhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Nchi hizo mbili na Uganda hukutana Salia Musala, karibu na Oraba. Soko lipo. Vyama vya wafanyabiashara wa Koboko na Arua vina sababu ya kudai mambo mawili mapema: bei ya wazi ya kupakia Gulu, na taa kwenye makutano yenye malori mengi. Treni ikishaanza kupita kila siku, itakuwa vigumu zaidi kuyapata.