Kiputo cha sabuni na siri ya pumzi

WATOTO wa Nairobi hawajaacha kupuliza viputo vya sabuni. Katikati ya jiji, wachuuzi wa vichezeo huuza vichupa vya maji ya sabuni vyenye kitanzi cha plastiki. Upande wa magharibi, katika mitaa kama Kangemi, Kawangware na Uthiru, mtoto asiye na pesa za kichupa huweza kukata bua la jani la malenge, ambalo lina uwazi ndani, akalichovya katika beseni la kufulia na kupuliza.

Wazazi wengi huuona huu kuwa mchezo tu, tena wa kuharibu sabuni. Hata hivyo, nguvu inayokipa kiputo umbo lake ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumnyima pumzi mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Tuanze na maji. Chembe za maji huvutana. Zile zilizo juu kabisa hazina wenzao wa kuzivuta kutoka juu, hivyo huvutwa ndani na kandoni, na uso wa maji huwa kama ngozi iliyokazwa. Ndiyo maana wadudu wengine hutembea juu ya dimbwi bila kuzama. Kwa maji matupu, kiputo hakidumu. Hupasuka papo hapo.

Sabuni hupunguza mkazo huo kwa zaidi ya nusu. Molekuli yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia. Kwa sababu hiyo, molekuli hizo hujipanga usoni mwa maji, na utando wa kiputo huwa maji membamba yaliyofunikwa na sabuni ndani na nje.

Utando huo hujikaza daima ili uwe mdogo iwezekanavyo, na umbo linalofunika hewa kwa eneo dogo kabisa ni tufe. Hata ukitumia kitanzi cha pembe nne, kiputo kitatoka kikiwa mviringo. Rangi zake nazo hutokea kwa kuwa mwanga hurudishwa na uso wa nje na uso wa ndani wa utando, kisha miale hiyo miwili huchanganyika, mingine ikiongezana nguvu na mingine ikifutana. Maji yanapotiririka chini, sehemu ya juu huwa nyembamba mno, hupoteza rangi, na kiputo hupasuka. Hewa kavu ya adhuhuri huharakisha jambo hilo. Asubuhi yenye unyevu huchelewesha.

Sasa mzazi na amfanyie mtoto jaribio hili. Puliza kiputo mwishoni mwa bua, usikiachilie, kisha ondoa mdomo. Kiputo kitanywea chenyewe na kuirudisha hewa kupitia bua. Kadiri kinavyokuwa kidogo, ndivyo kinavyoisukuma hewa kwa nguvu zaidi.

Mapafu yetu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vilivyolowa maji kwa ndani. Mkazo wa maji hayo hutaka kuvinywesha kama kile kiputo. Kwa bahati njema, mwili hutengeneza umajimaji wake unaofanya kazi kama ya sabuni. Mtoto huutengeneza kwa wingi katika majuma ya mwisho ya mimba, na anayezaliwa mapema huenda akakosa wa kutosha.

Mwaka 1959, madaktari Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliofariki kwa tatizo hilo walikuwa na upungufu wa umajimaji huo mapafuni. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani na wenzake waliripoti kuwatibu watoto kwa dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Dawa ya aina hiyo ni ghali. Kwa hiyo, hospitali kadhaa nchini Kenya hutumia pia kifaa rahisi. Mtoto hupelekewa hewa yenye oksijeni puani, na mrija wa kutolea hewa huzamishwa katika chupa ya maji, ambamo hutoa viputo mfululizo. Kina cha mrija majini, aghalabu sentimita 5 hivi, ndicho kinachoamua shinikizo la kuvizuia vifuko kunywea.

Anayetaka kujaribu nyumbani achanganye kikombe cha maji, vijiko 2 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kijiko 1 cha sukari, akoroge polepole. Sukari huchelewesha maji kukauka. Mtoto afunzwe kupuliza wala si kuvuta, na maji hayo yasiingie machoni. Bua la mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, lisitumiwe, kwa sababu mmea huo una sumu, hasa mbegu zake. Naye akiuliza kwa nini kiputo kimenywea, asifukuzwe beseni, ajibiwe.