Kamera Itulizayo Picha na Lenzi Isiyojitambulisha

Mwenye kupiga picha miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hana budi kuchunga nukta. Herufi za b, t, th, n na y zikiwa katikati ya neno huwa na sura moja; kinachozitenga ni nukta tu, hesabu yake na mahali pake. Picha ikitikisika, nukta mbili huungana zikawa moja, na msomaji hupata neno ambalo mtunzi hakuliandika. Mahali pasipofaa kusimamisha kiweko cha miguu mitatu, wengi hutegemea kamera zitulizazo picha kwa ndani.

Katika kamera hizo bamba lipokealo mwanga halikukazwa. Vipimio vidogo huhisi jinsi kamera igeukavyo, nalo bamba husogezwa kuifuata taswira. (Wasemao kwamba kamera "hutuliza mkono" hawakusibu: mkono watikisika vile vile.) Konica Minolta ilitia utaratibu huu katika kamera ya kubadilishwa lenzi mwaka wa 2004, mwaka wa 2012 Olympus ilitoa kamera irekebishayo mitikiso ya namna tano.

Bamba lisogee kiasi gani? Jawabu li katika lenzi. Kamera ikigeuka sehemu moja ya kumi ya digrii, lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 huisogeza taswira kiasi cha milimita 0.09, ya milimita 300 huisogeza milimita 0.52. Lenzi za siku hizi huiarifu kamera urefu huo kwa umeme. Lenzi kuukuu ni bubu, na mwenye kamera hupaswa kuuandika mwenyewe. Akiacha 200 ya jana, naye amevika lenzi ya 50, bamba hukimbia mara nne ya kiasi kipasacho, na mtikiso uonekanao pichani huwa mara tatu ya ule ambao ungalikuwapo kama utaratibu ungalizimwa.

Tena kuna mtikiso wa pili: kamera haigeuki, bali huhama kando au juu na chini. Kwa mlima ulio mbali hauna madhara. Kwa ukurasa ulio karibu huziharibu nukta. Ili kuurekebisha, kamera yahitaji kujua pia umbali wa ukurasa, jambo ambalo lenzi bubu haiwezi kuiambia, hata urefu wa fokasi ukiandikwa sawasawa. Kwa kazi hiyo naona ni heri kuongeza taa na kufupisha muda wa kupokea mwanga, kisha kuikuza picha na kuzitazama nukta kabla ya kufunua ukurasa wa pili.