Mteja akisema "plau hainyanyuki", usikimbilie kumuuzia pampu

Wauzaji wa spea za trekta mtandaoni, hii ni yetu. Msimu wa kulima ukianza inboksi inajaa ujumbe wa aina moja: "Nina Massey Ferguson 135, haidroliki haibebi, pampu bei gani?" Ukijibu bei tu, umejitegea mwenyewe. Niliwahi kutuma pampu Kibaigwa kwa basi, ikarudi imejaa oili, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, na kuiuza tena kama mpya haikuwezekana. Kumbe leva ya PTO ilikuwa nyutro!

Kwenye 135 pampu imo ndani kabisa, imezama kwenye oili, na inazungushwa na shafti ya PTO. Leva ikiwa nyutro pampu haizunguki. Swali la kwanza ni hilo. La pili ni oili, maana haidroliki inatumia ileile ya gia boksi. Apime trekta likiwa sehemu tambarare. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Muuzie oili kwanza, na chujio lisafishwe.

Sasa uliza linavyougua. Linanyanyua vizuri, lakini injini ikizimwa plau inashuka yenyewe? Au injini ikiwa inaunguruma plau inacheza juu chini kama mtu anayesinzia? Hapo pampu inafanya kazi, ila oili inavujia mbele yake: mara nyingi ni sili ya pistoni ya kunyanyulia au oringi za bomba la kupandishia oili. Utauza oringi za hela ndogo, sawa, lakini huyo mteja atarudi.

Kama linabeba likiwa la baridi, likipata moto linakataa, hapo pampu iliyochoka inashukiwa kweli.

Mwambie pia asiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa, hata kwa dakika moja ya kukurekodia video. Aishushe chini au aiegemeze kwenye magogo imara.

Na ikithibitika ni pampu, usifunge mzigo bado. Fundi aitoe ya zamani, apige picha ya meno yanayoshika shafti. Zipo za meno 10 na za meno 21, na kwa nje zinafanana sana. Hesabu kwenye picha, mtumie na picha ya ile uliyonayo dukani, akikubali ndipo upeleke basi.